Tangawizi ya Mama Yusra

Mimi Restuta ni Mkristo, Jumapili sikosi kanisani, lakini kwa miaka mingi aliyeniamsha nikoroge uji wangu wa kuuza ni Mzee Swalihu, muadhini wa msikiti ulio nyuma ya nyumba yangu hapa Mpwapwa. Saa yangu ya ukutani ilikufa betri nikaiacha hivyo hivyo. Ya nini? Sauti ya Mzee iliingia dirishani taratibu, nzito, haina haraka na mtu, nami nikaamka bila kinyongo.

Basi ile sauti ikaanza kukwaruza. Tukasema ni vumbi la kiangazi. Mvua zikanyesha, vumbi likatulia, sauti haikurudi. Akawa anasafisha koo katikati ya adhana, na akilala tu kikohozi kikavu kinampanda. Watu wa mtaani hawakosi la kusema: wakasema kifua kikuu. Akapima makohozi, hakuna kitu. Mwishowe kipaza sauti akakabidhiwa Harithi, muuza nyama. Harithi ni mtu mwema sana, ila adhana aliikimbiza kana kwamba wateja wamejaa buchani. Kabla sijafungua jicho la pili amekwisha maliza. Wateja wangu wa uji walinisema.

Mke wa Mzee, Sikudhani, ambaye sote tunamwita Mama Yusra, hakukubali kushindwa. Kila jioni, Mzee akishatoka kuswali Isha na kula, alimletea kikombe chake: tangawizi ya kutwanga, ndimu, pilipili manga, na asali kidogo ya kubembelezea. Ilinukia hadi uani kwangu, macho yakaniwasha. Mzee alikunywa yote, akarudisha kikombe na kusema, "Leo umeikoleza, Mama Yusra." Kisha huyo, kitandani. Anayeamka kabla ya majogoo hana muda wa kukaa kupiga soga baada ya chakula.

Asubuhi moja Mama Yusra aliingia jikoni kwangu, akakaa kwenye kigoda bila hata kusalimia.

"Restuta, anasema kuna kitu kimekwama kooni. Akimeza mate anakisikia, akila hakisikii. Athuman alianza na koo hivi hivi."

Athuman alikuwa kaka yake Mzee. Tulimzika kwa saratani ya koo. Mama Yusra alilia, nikalia naye, uji ukashika chini na wala sikujali.

Tukaenda watatu hospitali kubwa Dodoma mjini, tukafikia kwa binti yao Yusra, kule Nzuguni. Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alimwamkia Mzee shikamoo, akapitisha puani mpira mwembamba wenye kamera, akatazama koo. Mama Yusra alinibana mkono hadi pete ikaniumiza.

"Hakuna saratani, mzee wangu," daktari akasema.

Mwenzangu akasema alhamdulillahi, mimi nikasema Bwana asifiwe, tukasema kwa pamoja.

"Koo lako limebabuka. Asidi ya tumboni inapanda juu."

"Mbona sina kiungulia?" Mzee akauliza.

"Wengi hawana. Kifua hakiunguzwi, lakini koo linaumia. Sauti inakwaruza, kikohozi hakiishi, unahisi kitu kimekwama, asubuhi mdomo una uchachu."

Kila alichotaja, Mzee aliitikia kwa kichwa. Daktari akauliza anakula saa ngapi, analala saa ngapi. Kisha akauliza anakunywa nini kabla ya kulala. Hapo Mzee akageukia dirishani. Mama Yusra ndiye aliyejibu, kwa fahari, akaitaja tangawizi, ndimu, pilipili manga, na jinsi anavyovichemsha.

Daktari aliweka kalamu chini. Halafu, kwa upole ambao nitamkumbuka nao, akaeleza kwamba ndimu na viungo vikali vinazidi kuumiza koo lililobabuka, na kulala tumbo likiwa limejaa kunaipandisha asidi.

Uso wa Mama Yusra ulinyong'onyea. Akamgeukia mumewe. "Ilikuwa inakuchoma?"

"Kidogo."

"Baba Yusra!"

"Ilichoma sana."

"Sasa ulikuwa unaimaliza ya nini?"

Mzee akaishika kofia yake, akaiweka sawa ingawa haikuwa imepinda. "Ulikuwa unasimama mlangoni kuningoja, na umefurahi. Ningekirudishaje kikombe kimejaa?"

Tulirudi na dawa ya kumeza kila asubuhi, nusu saa kabla ya kula, na masharti yake. Chakula cha jioni kikahamia kabla ya Magharibi. Kahawa ya barazani akaipunguza. Miguu ya kitanda upande wa kichwani tuliinua kwa matofali, maana mito pekee inamkunja mtu tumbo. Daktari alituonya tusitegemee miujiza, koo hupona kwa miezi. Ila akishindwa kumeza, akikonda au akitapika damu, arudi upesi.

Mama Yusra alifuata yote. Lakini kile kikombe alikifungia kabatini, na ile saa yake ya kusimama mlangoni akawa anajifanya ana kazi uani. "Mikono yangu imemuumiza," aliniambia. Nilimgombeza, haikusaidia. Iliniuma kumwona hivyo.

Mvua zilikuwa zimekwisha, watu wanavuna, siku sauti iliporudi. Ilikuwa nyembamba kuliko zamani na mwishoni ilipasuka kidogo, lakini haikuwa na haraka na mtu. Nilisimama jikoni na mwiko mkononi, machozi yananitoka, na ng'ambo ya ua nikamwona Mama Yusra amejifunika khanga usoni.

Jioni ile nilikuwa naanua nguo nikamsikia Mzee akiita. "Mama Yusra, kikombe changu kiko wapi?"

"Cha nini tena?"

"Nina kiu."

Alichelewa kutoka. Alipotoka amekishika kwa mikono miwili. Nikanusa, nikiwa tayari kupiga kelele, lakini hapakuwa na harufu yoyote. Yalikuwa maji ya uvuguvugu tu. Akampa, akasimama mlangoni.

Mzee alikunywa yote, akamrudishia.

"Leo umeikoleza, Mama Yusra."