Redio ya Kumkamulia Malkia

Harufu ya chai inayokaushwa kiwandani ilifika kwetu, karibu na Kapkatet, saa ile ile ya kukamua jioni, ikichanganyika na harufu ya zizi na ya majani ya nepia yaliyokatwa kumlisha ng'ombe. Hadi leo nikiinusa, vidole vyangu hutafuta chuchu za Malkia, ng'ombe wetu wa pekee. Mama ndiye aliyemkamua kila siku, akimsemesha polepole kama jirani aliyekuja kutembea, na Malkia hakumkubali mtu mwingine. Msimu mmoja wa mvua, nikiwa darasa la tano, Mama aliteleza shambani akiwa na kapu la chai mgongoni, akavunjika mguu, akalazwa hospitali. Kukamua kukaniangukia mimi.

Senge, dada yake Baba, alinivalisha sweta na kitambaa cha Mama ili tumhadae ng'ombe. Malkia alininusa mara moja, akazuia maziwa. Siku tatu nilitoka zizini na kikombe kimoja tu, mapaja yakiniuma kwa mateke. Sote tulijua kwamba ng'ombe asipokamuliwa vizuri hukauka, na mdogo wangu, aliyeachishwa kunyonya ghafla, alitegemea maziwa yale. Nililia, nakiri, nikiwa nimeegemeza kichwa kwenye ubavu wa mnyama asiyenitaka.

Siku ya nne nilichukua redio ya Baba bila ruhusa, ili angalau nijitulize mwenyewe. Kulikuwa na kipindi cha muziki wa zamani wa Ulaya, fidla nyingi na piano, ambacho Baba alikuwa akikizima huku akisubiri habari. Fidla zikaanza taratibu. Malkia akasimamisha masikio, akaanza kucheua, na maziwa yakashuka, yakigonga ndoo kwa mlio niliokuwa nimeusahau. Baba akatokea mlangoni. "Hiyo redio ni ya habari, si ya ng'ombe," akasema, lakini aliiona ndoo, na kesho yake akaanika betri juani juu ya mabati ili zipate nguvu. Hazikupata nyingi. Jioni moja zilikwisha ndoo ikiwa nusu, Malkia akainua mguu. Kwa woga nikaiga sauti ya mtangazaji wa kipindi kile, aliyezungumza kati ya nyimbo, ya chini, isiyo na haraka: "Na sasa, msikilizaji, tutulie kidogo." Mguu ukarudi chini. Nikaendelea kutangaza muziki usiokuwepo mpaka ndoo ikajaa.

Mama alirudi na mkongojo baada ya wiki nyingi. Siku alipoketi tena kwenye kigoda chake, Malkia akazuia maziwa. Mama akanigeukia. "Wewe Chelangat, umeniharibia ng'ombe," akasema, na sikujua kama alikuwa anacheka au ameumia. Nadhani yote mawili. Tangu siku hiyo tulikamua pamoja, yeye akivuta, mimi nikitangaza.

Nilikuja kuendesha kipindi cha muziki ule wa fidla katika redio moja ya Kericho kwa zaidi ya nusu ya umri wangu. Wenzangu walinitania kwamba nasikilizwa na mifugo tu, nami sikubisha, maana simu nyingi zilitoka Londiani na Kipkelion saa ya kukamua. Mwezi uliopita kituo kiliniaga, kikaweka mashine inayocheza muziki ule ule bila mtu kusema neno katikati. Sauti yake ni safi kuliko yote niliyowahi kurusha. Niliumia sana, nikajifariji kwamba angalau muziki umebaki. Juzi Mama akanipigia simu. Amezeeka sasa, lakini bado anafuga ng'ombe mmoja, wa uzao wa Malkia. "Hiyo redio yenu imekuwa baridi," akasema. "Muziki iko, lakini ng'ombe anashika maziwa. Anangoja mtu aongee. Kuja nyumbani." Nimeshafunga mkoba. Redio nimeiacha mezani.