Kipande cha Shaba Nilichokisugua

Mwaka wangu wa kwanza London nilikuwa mtu wa kuchekacheka. Kila asubuhi nilitoka Edmonton, basi juu ya basi hadi Kenton, kumtunza mzee mmoja wa Kihindi aliyezaliwa kwetu, na njiani nilijijengea maghorofa kichwani. Mzee alinipendea Kiswahili. Mjukuu wake alikuwa anakisikia, ila anajibu kwa Kiingereza.

Kando ya kitanda chake palikaa kipande cha shaba, bapa, ukubwa wa kiganja, kimeiva weusi. Ndicho pekee alichobaki nacho cha baba yake; walipohama hawakubeba hata picha. Jumapili iliyokuwa inakuja angempa mjukuu.

Baba huyo alikuwa mtu wa kubuni mambo. Alitega maji ya mto milimani kule bara, akaunda gurudumu la kuzalisha umeme, na kwa umeme huo akasafisha shaba chakavu. Mimi nimeishia darasa la saba, nikamwomba anieleze polepole. Akasema shaba chafu unaitumbukiza kwenye dawa upande huu, umeme unapita, iliyo safi inahamia upande wa pili, uchafu unazama chini. Majirani walimcheka, eti ana mto mzima na anafulia vyuma. Baadaye wakaja kumwomba kazi. Kipande kile kilikuwa cha kwanza kutoka.

Kuna jambo moja hakuniambia, nami sikuuliza.

Ijumaa mchana, amelala, nikaona nimfurahishe. Nilichukua ndimu, chumvi na kitambaa, nikasugua kama mama alivyonifundisha kusugua sinia za harusi. Kikawaka chekundu.

Alipoamka alikipeleka dirishani, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Kidole kiko wapi?"

Nikacheka. "Vyako vyote kumi vipo, Babu."

Hakucheka. Akanieleza kwamba siku ile baba yake alikitoa kwa mkono uliolowa dawa, na dole gumba likaacha alama nyeusi iliyodumu miaka yote. Alitaka mjukuu aweke dole lake pale pale.

"Nisamehe, Babu. Nilidhani ni uchafu."

"Baba hakutupa uchafu, binti," akasema taratibu. "Tope la chini alilikusanya kwenye madebe. Alisema ndani yake mna fedha."

Nikaenda kufukua pipa la taka jikoni, nilikokitupa kile kitambaa. Kitambaa kilikuwa cheusi, kinanuka ndimu. Alikipokea, akakikunja vizuri, akakiweka chini ya mto wake.

Jumapili mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mjukuu alipoonyeshwa shaba alijiona uso ndani yake, akasema kwa Kiingereza kwamba inapendeza. Babu akamwambia aishike. Mtoto akavuta mikono ya sweta hadi ikafunika vidole, ndipo akaipokea kwa pembeni, asije akaichafua.

Nilitaka kumwambia ashike kwa mkono mtupu, aache alama yake. Babu akanitazama, akatikisa kichwa kunikataza.