Mistari Kumi na Miwili

Shangazi yangu ni karani wa kumbukumbu hospitalini, na ana tabia inayochosha: huhesabu kila kitu. Ngazi, vifungo, vijiko baada ya wageni kuondoka. Baba, mdogo wake, hakuwa akimwacha salama. "Dada, leo nimekohoa mara ngapi?" Shangazi hununa, kisha huendelea kuhesabu.

Majibu yote ya maabara huingia kwenye faili moja refu ndani ya kompyuta. Ya kila mgonjwa huanza na mstari wa MWANZO wenye namba yake, na huishia na mstari wa MWISHO. Daktari akitaka ya mtu fulani, Shangazi huandika amri moja:

sed -n '/MWANZO 4417/,/MWISHO/p' majibu.txt

Yaani nitolee kuanzia hapa mpaka hapa, mengine yaache. Alijifunza akiwa na miaka hamsini na mbili. Anajivunia, msimwamini akikataa.

4417 alikuwa Baba. Alianguka kutoka juu ya paa alilokuwa akiliezeka, damu ikavujia ndani, na chumba cha upasuaji kilitaka kujua kundi lake la damu. Muuguzi alisimama mlangoni, mkono ameunyoosha. Printa ilipotoa karatasi, Shangazi aliweka kalamu kwenye mstari wa kwanza, akaanza kuhesabu.

"Mama, wanasubiri," muuguzi akasema.

"Najua. Ni ndugu yangu."

Majibu ya mtu mmoja ni mistari kumi na miwili. Karatasi ile ilikuwa na ishirini na mitatu. Juu kundi A, chini kundi B. Mwenye haraka angesoma la chini.

Shangazi na goti lake bovu alishuka mbiombio hadi maabara, na ngazi zile hakuzihesabu. Mtaalamu wa maabara akakiri: umeme ulikatika akiandika majibu ya Baba, uliporudi akaendelea na mgonjwa mwingine, MWISHO akaisahau. Amri ikapitiliza mpaka MWISHO ya yule wa pili. Wakaangalia daftari la sampuli: Baba ni A. Wakaongeza mstari uliokosekana, amri ikarudiwa, ikatoka mistari kumi na miwili. Mimi bado nina hasira na mtu yule.

Baba alipona, na utani hajauacha. Ila akimpigia dada yake simu, hakati mpaka aseme, "Mwisho, Dada."

Shangazi husubiri alisikie neno hilo, ndipo huweka simu chini.