Beji ya Mbega

Asubuhi ile Salvina alikuwa akikata mgomba wa kulisha ng'ombe, kama siku zote. Panga mkononi, na ile beji ya shaba ameibana ndani ya kanga, upande wa kifua. Akaniambia, "Baba Filbert, mtori uko jikoni. Usiumalize, Dominika atapita." Nikaumaliza. Akanicheka.

Jioni kifua kikambana. Hakuinuka tena.

Alizaliwa Kibosho, akaolewa kwetu Kilema. Shule hakuiona, kama mimi. Alilima kahawa, alibeba ndizi kichwani kushuka soko la Himo. Mungu alitupa mtoto mmoja, Filbert.

Filbert alijifunza kuendesha gari mjini Moshi kwa Alawi, aliyekuwa na lori la mizigo. Vita vya Mwitaliano vilipokuja, akaingia jeshini, kwenye kikosi cha malori. Alama yao ilikuwa mbega amekalia gurudumu. Waliichora kwenye milango ya malori, na kila dereva alikuwa na beji yake ya shaba kwenye kofia. Mbega huyo alimpendeza Salvina. Alisema ni mnyama wa msitu wetu, hatapotea njia.

Malori yale yalipita Himo kwenda Holili, yakavuka Kenya hadi Uhabeshi. Yalibeba risasi, maji na unga. Kurudi yalibeba majeruhi. Salvina hakujua kusoma namba, lakini mbega alimjua. Akimwona tu mlangoni, anakimbilia barabarani kuwapa madereva ndizi mbivu. Si wana wetu. Alisema, "Nikimlisha wa mwenzangu hapa, wangu atalishwa huko."

Dominika, rafiki yake wa kuuza naye ndizi, alimtania sokoni, "Mama Mbega, leo mwanao hajashuka mtini?"

"Akishuka atakutupia ganda!"

Wakacheka wote. Siku hizo tulikuwa bado tunacheka.

Baadaye kikosi kilipandishwa meli, kikapelekwa Burma. Huko ni mvua na matope, barabara zimekatwa ubavuni mwa milima. Wenseslaus, rafiki yake Filbert, ndiye aliyerudi kutueleza. Karibu na adui walikatazwa kuvaa kitu king'aacho. Filbert akamwachia Wenseslaus beji yake, akaondoka na shehena ya risasi. Barabara ikamomonyoka. Lori likaenda na mto. Hawakupata kitu.

Wenseslaus akamwekea Salvina beji kiganjani. Hakulia. Aliifuta kwa kanga, akaigeuza, akaifuta tena.

Padri alimsomea Filbert misa. Lakini kwetu mtu analala kihambani, kwenye migomba ya baba yake, na juu yake linapandwa sale, mmea wetu wa amani. Salvina alitaka beji izikwe hapo, mwanawe apate mahali. Kaka yangu Ndelilio, mkubwa wa ukoo, akakataa.

"Shaba haiozi," alisema. "Kisichooza hakizikwi. Utaliita kaburi la nani?"

Salvina akakata jani la sale, akampelekea. Kwetu ukiletewa sale huwezi kukataa unachoombwa. Ndelilio akalitazama, hakunyoosha mkono.

"Sale ni la kuomba msamaha, shemeji. Wewe hujanikosea."

Salvina akarudi na jani lake. Tangu hapo beji haikutoka kifuani pake, shambani, sokoni, hata kanisani. Himo aliendelea kwenda. Malori ya mbega hayakupita tena, lakini yeye alitazama milango ya kila lori. Dominika hakumtania tena.

Miaka ikapita, hadi jioni ile kifua kilipomlaza kitandani, Ndelilio akaja kumwona. Alikuwa mzee sana, anashikwa mkono kuingia. Salvina alikuwa amekunja ngumi, na beji haikuwa tena kwenye kanga. Maneno aliyomwambia yalimfanya Ndelilio akae chini, akaegemea ukuta. Tulimzika Salvina kihambani na ngumi yake kama ilivyokuwa. Ndelilio akapanda sale kwa mkono wake, moja kichwani, na lingine pembeni, dogo. Pale kitandani Salvina alikuwa amemwambia hivi:

"Shemeji, ulisema shaba haiozi. Mimi naoza. Msinifungue mkono. Mkinizika mimi, mmemzika na yeye."