Transista za Jeshi

Febronia Jilala alitunza stoo ya kituo cha mbung'o, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, kwa miaka kumi na mmoja. Pale madume ya mbung'o yalipitishwa kwenye chumba chenye kobalti, madini ya mionzi, ili mionzi hiyo iyafanye tasa, kisha yakaachiwa porini ili uzazi wa mbung'o upungue. Kobalti ilipopandishwa kutoka shimoni mwake, taa nyekundu iliwaka juu ya mlango; iliposhushwa, taa ilizimika. Taa hiyo iliongozwa na kijisanduku kilichofungwa ndani ya chumba, mahali palipopigwa na mionzi kutwa nzima.

Kijisanduku kilitumia transista ndogo za kikopo cha chuma, miguu mitatu. Mtaalamu aliyekuja kukifunga alimkalisha Febronia mezani na kumwekea transista mbili.

"Hii ni ya jeshi," alisema. "Inavumilia joto, baridi na kutupwa toka juu ya lori. Lakini kwenye mionzi haikupimwa. Hii nyingine imepimwa. Ukiziangalia ni pacha."

Tofauti ilikuwa herufi moja iliyotangulia namba, pamoja na cheti cha majaribio cha fungu zima. Basi Febronia, mwanamke wa darasa la saba, akawa kila shehena ikifika anainama na kioo cha kukuzia, anasoma kikopo kimoja kimoja. Otmar, fundi umeme wa kituo, kijana wa Ushirombo, alimtania: "Mama Limi, leo tena unachambua mchele?"

Mwaka 1984 vipuri viliisha, na fedha za kigeni hazikuwepo. Ndugu Theonest, mkuu wa kituo, akapata kiboksi cha transista kwa rafiki yake wa jeshini. Febronia alizisoma zote, mara mbili.

"Mzee, namba ni ile ile. Herufi haipo, na cheti hakipo."

"Hizi zimepanda vifaru mpaka Uganda na kurudi," Theonest alisema. "Utaniambia ni dhaifu?"

"Si dhaifu, mzee. Hazikupimwa kwa kazi hii."

"Mbung'o wanafia vizimbani, na wizara inauliza. Toa."

Otmar akaingilia kwa upole. "Zitoe tu, Mama Limi. Nitakuwa naingia na kipima mionzi cha mkononi."

Akazitoa. Kwenye hati ya stoo aliandika kwamba hazina herufi ya mionzi, na mkuu akatia sahihi bila kusoma.

Miezi mitatu taa ilifanya kazi vizuri. Asubuhi moja ya masika kizimba kilikwama ndani. Otmar alizungusha gurudumu la kushusha kobalti, taa ikazimika, akaingia. Alikaa humo kama dakika kumi. Alipotoka alisema tumbo limemchafuka, na kabla hajafika kwenye tangi la maji akatapika. Febronia alikwenda kuangalia gurudumu. Halikuwa limefika mwisho. Kobalti ilikuwa imening'inia nusu ya njia, na kile kijisanduku kilikuwa kimeshakufa; ndicho kilichoizima taa.

Siku nne tano baadaye Otmar alipata nafuu, hata akacheka na watu. Kisha nywele zikaanza kubaki kwenye mto, na fizi zikatoa damu. Hospitalini Febronia alimpelekea uji, ingawa hakuweza kuumeza.

"Ulisema," Otmar alimwambia.

"Nilisema mara moja tu. Ningekaa juu ya kile kiboksi, nisikitoe."

"Kipima hakikuwa na betri tangu mwezi wa pili," akanong'ona. "Nilizunguka maduka yote, sikupata. Usimwambie Anisia. Ataona nilijitakia."

Alifariki siku ya ishirini na sita. Walimzika Ushirombo, jeneza likiwa limefungwa, na Anisia, mkewe, hakuruhusiwa kuuona uso.

Tume ilikuja, ikaikuta ile hati. Theonest alihamishwa. Febronia aliambiwa hana kosa, tena mbele ya wafanyakazi wote, naye akainamisha kichwa kama aliyehukumiwa.

Arobaini ilipopita, Anisia alimfuata stoo. Wakasalimiana.

"Mama Limi, niambie kweli. Siku ile alikuwa na kile kipima?"

"Alikuwa nacho kiunoni," Febronia alijibu, na hapo hakusema uongo.

Anisia akashusha pumzi. "Basi alijitahidi."

"Alijitahidi sana, mdogo wangu."

Mwaka uliofuata kituo kilifungwa. Febronia alipewa kazi nyingine mjini, akaikataa. Alihamia mtaa wa Kambarage, akashona sare za shule. Watu walisema ni mshonaji mzuri lakini anachosha: kabla ya kukukabidhi nguo aliigeuza ndani nje, akapitia kila mshono kwa kidole, na ukimharakisha anaweka nguo chini, anakuambia urudi kesho.