Chungu cha Mapacha Hadi Longonot

Nilitoka Nakuru kwa ajili ya mdogo wangu Nekesa, aliyejifungua mapacha huko Longonot. Ninyi wa kwetu Kimilili mnajua mila zetu: mapacha wakizaliwa, baba na mama hufungiwa ndani hadi wanywe pamoja kutoka chungu cha midomo miwili. Longonot hakuna mfinyanzi wa kwetu. Na mume wake, Wanjala, ni kibarua wa njia ya reli. Nyapara alikuwa ametuma neno: asipoonekana Jumatatu asubuhi, kazi na chumba cha landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, atapewa mwingine.

Udongo wa Nakuru ukiutumia peke yake hupasuka motoni. Vyungu viwili vilinipasukia. Cha tatu nikachukua vigae vya mtungi wa marehemu mama, uliovunjika tulipohamia mjini, nikavisaga vikawa kama unga, nikavichanganya na udongo. Hicho kikatoka kizima. Nikaiziba midomo yote miwili kwa majani ya mgomba, maana hufunguliwa na watu wawili kwa wakati mmoja, mtoto mmoja asije akamtangulia mwenzake.

Jumapili saa mbili asubuhi nilipanda treni, daraja la tatu, chungu mapajani. Tulipofika Gilgil, mama mmoja mwenye kuku aliketi karibu nami.

"Mama, hicho kitu chako kina vichwa viwili, kinakula mara mbili?"

Behewa lote likacheka, nami nikacheka.

Naivasha hakuna aliyecheka. Siku hizo za hali ya hatari, wakoloni wakiwasaka waliokula kiapo cha wapiganaji wa msituni, kila mzigo ulipekuliwa. Askari mmoja mrefu alisimama mbele yangu, akakitazama chungu kwa muda mrefu.

"Hii ni ya kulishia watu kiapo."

"Hapana, afande. Ni ya mapacha."

"Mbona imezibwa? Shuka nayo."

Nikashuka. Mama wa kuku akageukia dirisha la upande wa pili. Askari alikuwa ameshika rungu tayari.

"Fungua, ama nivunje."

Injini ilikuwa ikipuliza mvuke. Hakukuwa na treni nyingine ambayo ingenifikisha kabla ya Jumatatu. Nilimweleza polepole, kama ninavyomweleza mtu anayejifunza kufinyanga: siwezi kufungua mdomo mmoja kabla ya mwingine, na mikono ya mtu mmoja haitoshi.

"Weka rungu chini, afande. Shika jani hili. Mimi nashika lile. Tuvute pamoja."

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. Kisha akapachika rungu kwapani, akachuchumaa.

"Moja, mbili," nikasema.

Tukavuta. Akachungulia ndani, akaingiza mkono, akautoa na vumbi jekundu tu.

"Wanaitwa nani hao watoto?"

"Mukhwana na Mulongo."

"Panda, mama. Treni inaondoka."

Longonot nilifika saa nane hivi, nikiona haya. Mama mkwe wa Nekesa alinipokea mlangoni, akaona midomo iko wazi.

"Nani alifungua?"

"Mimi na askari wa Naivasha."

"Mlivuta pamoja?"

"Pamoja, mama."

Ndani mtoto mmoja alilia, na wa pili akaitikia.

"Walikuwa wawili, na walivuta pamoja," mama mkwe akasema. "Leteni pombe."

Jioni hiyo hiyo, walipokwisha kunywa, Nekesa alitoka nje, akifunika macho kwa mwanga. Jumatatu alfajiri nilimwona Wanjala akishuka kwenda relini, nyundo begani.

Nikirudi, Naivasha tena, yule askari alinijia dirishani.

"Wametoka?"

"Wametoka, afande."

"Na ule mdomo wangu, nani aliunywea?"

"Baba yao."

Akatazama kiganja chake, akakipangusa kwenye kaptura, akaenda behewa la pili.

Ninyi mnaofinyanga, vigae vya mama zenu msivitupe. Na chungu cha mapacha kikiwa cha kusafiri, msikizibe kama nilivyofanya. Fungeni majani kando kwa kamba, wenye watoto wazibe wenyewe kikifika.