Ufunguo wa Tatu

Katika kikoba chetu cha kuweka na kukopeshana fedha, pale Isevya mjini Tabora, mimi ndiye niliyeogopwa. Ukichelewa dakika tano nilikutoza faini, hata kama ulikuwa unatoka kwa mkweo. Wenzangu walipokubali, baada ya ubishi mrefu, kwamba tuwaanzishie kikoba akina mama wa Ulyankulu, walinituma mimi. Nadhani walitaka kupumua kidogo.

Niliwafundisha siku nzima nyuma ya ghala la tumbaku. Sanduku moja la bati, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wa nyumba tatu. "Mmoja asipokuwepo, sanduku halifunguliwi," nilisema, "hata aje nani!" Nikafunga kufuli kwa madaha, nikapigiwa vigelegele, nikarudi Tabora nimevimba kichwa.

Asubuhi ya siku yao ya kukopeshana, nilichukua khanga niifue. Pindoni kulikuwa na fundo, na ndani ya fundo, ufunguo. Nimeshika ufunguo wa kikoba chetu miaka mingi, na mkono wangu huufunga pindoni bila kuniuliza. Safari hii nilikuwa nimeondoka na wa kwao.

Kulikuwa na dada mmoja kule, fundi asiye na cherehani. Jirani yake alikuwa anahamia Nzega jioni ile ile, na alikuwa amemwekea cherehani yake ainunue kwa mkopo wa siku hiyo, mpaka hapo tu. Nilimpigia simu mwenyekiti wao, haipatikani. Nikavaa khanga ile ile chafu, nikakimbilia basi, na njia nzima nikawaza: wamevunja kufuli, au wanasema watu wa mjini ni wezi.

Kikao kilikuwa cha saa nne. Nilifika saa saba. Walikuwa wamekaa kulizunguka sanduku, kufuli zote nzima, wanamenya karanga. Yule dada fundi alikuwa hamenyi chochote, anaangalia barabara tu.

"Shikamoo, mama," nilimwambia mwenyekiti, nikihema.

"Marahaba. Tulijua utakuja. Si wewe ndiye wa ufunguo wa tatu?"

Kumbe walidhani ndio utaratibu! Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Nikainamia kufuli.

"Ngoja," alisema mwenyekiti. "Faini kwanza. Umechelewa kwa saa tatu nzima."

"Mama, mimi mgeni!"

"Mgeni angeondokaje na ufunguo wetu?"

Nililipa, huku nikinung'unika kama wale wote niliowahi kuwatoza. Kufuli tatu zikafunguka. Yule dada alipokea mkopo wake, akaweka sahihi, akatoka mbio viatu mkononi.

Sanduku lilipofungwa tena, niliwarudishia ufunguo wao. Mwenyekiti hakuupokea. Alivuta pindo la khanga yangu, akaufunga humo mwenyewe, fundo mara mbili.

"Kikao kijacho saa nne," alisema. "Usichelewe."